Propela shafti kwenye magari yenye nguvu: kusoma dalili kabla haijakatika

Gari linapoanza kutetemeka au kugonga kwa chini, kabla hujatambaa uvunguni na tochi, jua kwanza linafanya hivyo wakati gani. Tetemeko linaweza kufuata mwendo wa gari, linaweza kufuata mizunguko ya injini, au linaweza kufuata mzigo, yaani mguu wako kwenye mafuta. Ukishajua linafuata kipi kati ya hivyo vitatu, nusu ya kazi imekwisha, na hutabadilisha vipuri vizima kwa kubahatisha.

Haya yanahusu zaidi magari yenye nguvu kubwa yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, na hasa yale ambayo injini imeongezewa nguvu huku propela shafti, yaani bomba linalozunguka na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ikibaki ileile ya kiwandani. Hapo ndipo shafti nyingi hukatika.

Onyo moja kabla ya yote. Kama gari linagonga kwa nguvu unapokanyaga mafuta na pia linatetemeka likikolea mwendo, usiliingize barabarani kwa majaribio. Lichunguze likiwa limesimama. Shafti iliyofikia hatua hiyo huenda imebakiza safari fupi sana.

Mzigo ambao shafti inabeba

Injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 500, yaani nyutoni-mita 500, ikipitia gia ya kwanza yenye uwiano wa 3:1, inaipa propela shafti Nm 1,500. Giaboksi ikiwa ya otomatiki, torki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inaweza kuzidisha tena, karibu mara mbili, pale gari linapoondoka kutoka kusimama. Upande wa pili kuna kasi. Gia ya juu yenye uwiano wa 0.8 huifanya shafti izunguke haraka kuliko injini: injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, shafti iko 7,500.

Kwa kasi hizo, kosa dogo la balansi linakuwa kubwa. Chukua uzito wa gramu 20 uliozidi upande mmoja wa bomba, milimita 40 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 3,000 unavuta kwa nguvu inayolingana na kilo 8 hivi. Kwenye mizunguko 6,000 ni kilo 32, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa kasi. Mvuto huo unailemea beringi ya nyuma ya giaboksi na ile ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) kwa kila mzunguko, na ndiyo maana sili ya pinioni, raba ya kuzuia mafuta, inayovuja kila baada ya muda mfupi mara nyingi ni dalili ya shafti, wala si ya sili mbovu.

Matairi nayo yana sehemu yake. Tairi la kawaida huteleza kabla chuma hakijaumia. Ukifunga matairi yanayong'ang'ania lami, pamoja na klachi kali, nguvu haina tena pa kupotelea. Mbaya zaidi ni pale magurudumu ya nyuma yanaporukaruka wakati wa kuondoka: tairi linashika, linaachia, linashika tena, na kila linaposhika shafti inapigwa kipigo kilicho juu mno ya torki yenyewe ya injini. Magurudumu yakianza kurukaruka, achia mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga, unaivunja kwa makusudi.

Jaribio la barabarani

Kwanza ingia uvunguni uhakikishe bolti zote za flenji (sahani za kuungia shafti) zipo na zimekaza, na krosi, yaani jointi zenye umbo la msalaba kwenye ncha za shafti, hazichezi. Kisha tafuta barabara tupu iliyonyooka, uwe na mtu wa pili wa kuandika. Usivuke kasi inayoruhusiwa. Makosa mengi hujitokeza mapema.

Fikisha gari kwenye kasi ambayo tetemeko linatokea. Rudi kasi ileile ukiwa gia ya chini zaidi. Tetemeko lisipobadilika ilhali injini sasa inazunguka haraka, chanzo kiko nyuma ya giaboksi. Likihama, angalia injini, klachi au maunti (mipira inayoshikilia injini na giaboksi). Baada ya hapo, ukiwa kasi ileile, weka nyutro bila kuzima injini, uache gari litiririke. Tetemeko likiendelea vilevile, ni balansi au umbo la kitu kinachozunguka: shafti, rimu, tairi. Likitoweka mara tu mzigo unapoondoka, tafuta pembe mbaya, jointi iliyolika au maunti iliyokatika.

Kutofautisha gurudumu na shafti si kazi ngumu. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi, kwa kilomita 100 kwa saa, huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Uwiano wa difu ukiwa 3.5, shafti huzunguka mara 49 kwa sekunde. Kwa hiyo tairi hutikisa: unaona kioo cha kati kikicheza, usukani ukipapatika, kiti kikikutingisha. Shafti huvuma: unaisikia kwenye sakafu na kwenye mfupa wa nyonga, karibu iwe sauti zaidi ya mtikiso. Kosa la pembe za krosi huja mara mbili kwa kila mzunguko, yaani karibu mara 98 kwa sekunde kwa kasi hiyohiyo, na hilo linasikika kama ngurumo nzito inayojaza gari zima na kuziba masikio.

Kuvuma kunakoanza kasi fulani, ukikanyaga mafuta au usipokanyaga

Hii ni balansi au shafti iliyopinda. Safisha bomba lote na ulipitie kwa mkono. Unatafuta bonyeo, hata dogo, la jiwe au la jeki iliyowekwa vibaya. Tafuta pia eneo la mstatili ambalo chuma chake ni kisafi kuliko sehemu nyingine, lenye alama mbili ndogo za kulehemu: hapo palikuwa na uzito wa balansi na umeruka. Tope lililokauka na rangi nzito ya kuzuia kutu iliyopulizwa hovyo vinatosha kabisa kuharibu balansi.

Pima mpindo kwa dayali geji (kipimo cha mshale) karibu na kila ncha na katikati. Vitabu vingi vya ufundi vinaweka kikomo kati ya nusu milimita na milimita moja. Fuata kitabu cha gari lako. Uliza pia kama shafti imewahi kufunguliwa. Shafti hubalansiwa ikiwa mkao mmoja na flenji zake, na fundi aliyeifungua bila kuweka alama anaweza kuirudisha ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Kwenye shafti ya vipande viwili, kuruka jino moja tu la splaini (meno ya kuunganishia vipande) kunatosha kuharibu mpangilio wa yoki, yaani uma zinazoshika krosi.

Kuna hila ya zamani ya kufunga klempu za mpira wa maji kwenye bomba ili kutafuta balansi. Kwenye shafti inayofika mizunguko 6,000 au 7,000, sikushauri hata kwa dakika moja. Klempu ikifunguka kwenye kasi hiyo inatoka kama risasi, na juu yake kuna sakafu nyembamba na miguu ya abiria. Shafti ipelekwe kwenye mashine ya balansi.

Sasa kuna mtetemo mwingine unaofanana na huu lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Gari liko shwari kabisa hadi karibu na kasi yake ya juu, kisha tetemeko linaibuka na kukua ghafla kwa kilomita chache tu za nyongeza. Hiyo ni kasi ambayo bomba lenyewe linaanza kupinda katikati likizunguka, na balansi haiwezi kuiondoa. Kasi hiyo hupanda bomba likiwa nene kwa kipenyo, na hushuka kwa mraba wa urefu: shafti yenye urefu maradufu hufika hatari kwenye robo ya kasi. Hii ndiyo sababu viwanda hukata shafti ndefu vipande viwili na kuweka senta beringi, beringi inayoishikilia shafti katikati. Anayeitoa senta beringi ili afunge bomba moja refu "imara zaidi", au anayebadilisha uwiano wa difu kuwa mfupi (wa namba kubwa zaidi) na kufunga injini inayopanda mizunguko mingi, lazima ahesabu upya kasi hiyo kwanza. Kubadilisha chuma kwa alumini yenye vipimo vilevile hakubadilishi kitu hapa, maana ugumu na uzito wa metali hizo mbili hushuka kwa kiwango kinachokaribiana sana. Alumini husaidia kwa kuwa bomba lake laweza kuwa pana zaidi bila kuongeza uzito. Kaboni ndiyo hubadilisha hesabu. Nissan GT-R R35, ambayo giaboksi yake iko nyuma, inatumia shafti ya kaboni inayozunguka kwa kasi ya injini. BMW nayo ilifunga shafti ya kaboni ya kipande kimoja, bila senta beringi, kwenye M3 na M4 zilizotoka 2014.

Kutikisika gari linapoondoka, kisha kunatulia

Shika senta beringi uisukume juu na chini. Mpira wake hauna budi kurudisha mkono wako; ukiona bomba linalegalega ndani ya mpira uliopasuka, umepata. Beringi ikiwa nzima, angalia pembe. Gari lililoshushwa, lililobadilishiwa maunti ya giaboksi au lililoinuliwa difu mara nyingi huwa na pembe zilizoharibika bila mwenyewe kujua.

Krosi inapofanya kazi kwa pembe, huzungusha upande wa pili kwa mwendo usio sawa, mbele kidogo na nyuma kidogo, mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande mwingine hufuta kosa hilo iwapo pembe zake zinalingana na ya kwanza na yoki zimepangwa sawa. Tofauti kati ya pembe hizo mbili isizidi digrii 1 hivi. Kwa shafti za kasi kubwa, pembe ya kila krosi isipite digrii 3. Lakini pembe sifuri nayo ni kosa, kwa sababu sindano za beringi zinakaa mahali pamoja zikichimba mashimo kwenye krosi. Nusu digrii hadi digrii moja inazifanya zizunguke. Pima gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, si likining'inia kwenye lifti.

Kugonga: "ko!" moja ukiweka gia, ukiachia mafuta au ukikanyaga tena

Zuia magurudumu kwa vigingi mbele na nyuma, weka nyutro, shika shafti kwa mikono miwili karibu na krosi. Izungushe huku na huku, kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haina mchezo wowote wa juu na chini. Mchezo kidogo wa kuzunguka mara nyingi ni wa meno ya difu. Ona kama flenji ya difu inazunguka pamoja na shafti au shafti inatangulia; ikitangulia, mchezo uko kwenye krosi.

Halafu sogeza tochi karibu kabisa na vifuniko vya krosi. Unga laini wa rangi ya kahawia kama hina, umetapakaa kuzunguka sili ya kifuniko kimoja, unakwambia kwamba grisi imekwisha siku nyingi na sindano zinasagana na kugeuka kutu. Vifuniko vitatu vinaweza kuwa vikavu na visafi, cha nne kina unga huo. Badilisha krosi, na usipoteze muda kuipaka grisi. Mlio wa "kwi-kwi-kwi" gari likitembea polepole, unaoongeza haraka kadiri mwendo unavyopanda, ni hatua ya mapema ya ugonjwa huohuo.

Magari mengi ya BMW na Mercedes-Benz hutumia diski ya mpira kati ya giaboksi na shafti. Angalia nyufa kati ya matundu ya bolti, hasa upande ule ambao mpira unavutwa gari likienda mbele. Ufa mdogo juu ya mpira waweza kuwa wa umri. Ufa unaofunguka ukizungusha shafti kwa mkono unamaanisha gari liegeshwe, kwa sababu diski ikiachana kabisa, ncha ya mbele ya shafti inabaki ikijipigapiga ndani ya handaki la sakafu.

Shafti za pembeni

Zile zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni husema kwa lugha tofauti. "Ta-ta-ta" unapokata kona huku ukikanyaga mafuta ni CV jointi ya nje, jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limepinda. Gari linalotetemeka kushoto na kulia ukikanyaga kwa nguvu likiwa limenyooka, kisha likatulia ukiachia, lina jointi ya ndani iliyolika. Grisi nyeusi iliyorushwa kwa mstari ndani ya rimu na kwenye mkono wa saspensheni inaonyesha raba ya jointi imepasuka. Ikigunduliwa mapema, kusafisha, grisi mpya na raba mpya vinaweza kuokoa jointi. Kwenye gari lililoshushwa sana, jointi hufanya kazi kwa pembe kali muda wote, grisi inapata joto na kukimbia, na jointi mpya hufa mapema bila kosa lake.

Propela shafti ikikatika ukiwa mwendoni

Utasikia mshindo, injini itapanda mizunguko ghafla kwa kuwa mzigo umeondoka, na pengine kitu kizito kitaanza kuipiga sakafu. Achia mafuta. Shika usukani unyooke kwa mikono miwili. Weka nyutro, ili shafti isiendelee kuzungushwa na injini, kisha funga breki taratibu ukitoka barabarani. Usizime injini gari likiwa bado linakwenda, maana utapoteza msaada wa breki na usukani. Mabomba ya breki mara nyingi hupita kandokando ya shafti. Kanyagio likizama, tumia handbreki polepole.

Ukishasimama, zima injini na utoe watu wote nje, mbali na gari na mbali na barabara. Bomba la mafuta nalo hupita chini huko, na ekzosi ni ya moto. Kisha jambo ambalo wengi hawalifikirii: shafti ikikatika, P ya otomatiki haishiki chochote, na kuacha gari la manyo (la gia za mkono) kwenye gia hakusaidii, kwa sababu giaboksi haijaungana tena na magurudumu. Gari litabiringika mteremkoni likiwa kwenye P. Handbreki, kisha mawe au vigingi kwenye magurudumu, kabla mtu yeyote hajainama kuchungulia.

Ncha ya mbele ndiyo ya kuogopa. Ya nyuma ikidondoka, bomba huburuzwa na kurusha cheche. Ya mbele ikidondoka, inaweza kujichomeka kwenye lami gari likiwa kasi, na kwa kuwa nyuma bado imeshikwa na difu, gari husukumwa juu kutoka chini yake. Kwa sababu hiyo kanuni za NHRA, chama cha Marekani cha mbio za drag (mbio fupi za kunyooka), zinayataka magari ya kasi yawe na kitanzi cha usalama kinachoizunguka shafti nyuzi zote 360, ndani ya inchi 6, yaani sentimita 15, kutoka krosi ya mbele. Kikiwa cha bamba la chuma, unene wake usipungue robo inchi na upana inchi 2. Gari la barabarani lililoongezewa nguvu linastahili kitanzi hichohicho. Kifungwe kwenye fremu au sakafu iliyoimarishwa, si kwenye bati tupu, na kiache nafasi ya shafti kupanda na kushuka na saspensheni.

Soma mahali palipokatika

Usitupe vipande. Uso wa mkato ukiwa na eneo laini, lenye mistari iliyopangana kama alama za maji yaliyokuwa yakirudi nyuma, na sehemu nyingine ya punje inayong'aa, ufa ulikuwepo siku nyingi na ulikuwa ukikua. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyovunjika siku ya mwisho. Tafuta chanzo cha ufa: alama ya kulehemu, mkwaruzo, kutu. Splaini zilizojisokota kabla ya kukatika zinaeleza torki iliyozidi uwezo, na kufunga shafti nyingine ya aina ileile ni kusubiri tukio lijirudie. Bomba lililojikunja katikati bila ufa wa zamani linaelekeza kwenye kasi ya hatari iliyotajwa juu. Bomba lililokatika halilehemiwi tena kwa mkono na kurudishwa kwenye gari lenye nguvu.

Gereji

Jeki huinua tu. Anayeingia chini aingie gari likiwa juu ya stendi. Usizungushe shafti kwa injini gari likiwa limeinuliwa na saspensheni ikining'inia, kwani pembe zinakuwa kali na jointi inaweza kukwama na kuvunjika. Gari lenye difu ya kuzuia mtelezo usiliinue gurudumu moja na kuweka gia: lile lililo chini litavuta na gari litaruka kutoka kwenye stendi. Kwa difu ya kawaida, gurudumu moja likizuiwa, lingine huzunguka mara mbili ya inavyosoma spidomita. Nguo zinazoning'inia, mitandio na nywele ndefu visikaribie shafti inayozunguka, na kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu ya gari) hakuna mtu wa kusimama ubavuni mwa gari usawa wa shafti.

Unapofunga, tumia bolti mpya pale kitabu kinaposema bolti ni za mara moja, safisha nyuso za flenji hadi chuma kitupu, na kaza kwa spana ya kupimia torki kwa kupokezana kati ya bolti zinazotazamana. Chora mstari wa rangi kuvuka kila kichwa cha bolti hadi kwenye flenji. Endesha kwa upole safari ya kwanza, kisha rudi uvunguni utazame mistari. Uliovunjika popote, bolti hiyo imesogea: fungua, tafuta sababu, funga tena, na usikanyage mafuta yote hadi mistari ikae sawa.